Kodi ya Miezi Mitano

Mimi nilikuwa dobi. Kwenye hati ya mshahara walinipa cheo kirefu, msimamizi wa chumba cha kufulia, lakini kazi ilikuwa ile ile ya dobi: shuka, mablanketi, magauni ya chumba cha upasuaji, vitambaa vya wadi ya akina mama. Ilikuwa hospitali ya kanisa, pale Migori mjini. Niliingia nikiwa msichana mwenye mtoto mmoja, nikatoka nikiwa na watoto wanne na magoti yanayolia nikipanda ngazi. Tulikuwa na mashine mbili za kufulia, na sikumbuki hata siku moja ambayo zote mbili zilikuwa nzima.

Kila mwisho wa mwezi hati ile ilikuwa na mstari mmoja nisioupenda: mchango wa pensheni. Kidogo kutoka kwangu, kidogo kutoka kwa mwajiri. Miaka ya mwanzo niliulaani, kwa sababu ungeninunulia unga na mafuta ya wiki nzima. Baadaye nikauzoea, na mwishowe nikaupenda. Ilikuwa pesa pekee ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyeweza kuniomba, maana hata mimi mwenyewe sikuweza kuigusa.

Na nilikuwa na mpango nayo. Katika duka moja Homa Bay niliona mashine kubwa ya kufulia, mpya, mlango wake wa kioo mpana kuliko sinia. Niliiulizia bei mara tatu, kila mara mwaka tofauti, mpaka mwenye duka akanizoea na kuacha kunyanyuka nikiingia. Lojingi, zile nyumba za wageni za bei nafuu, zimejaa Homa Bay siku hizi, pamoja na hoteli za ufuoni, na shuka zao zote zinafuliwa kwa mkono na kuanikwa kwenye ua wa michongoma. Nikasema moyoni, pesa yangu ikitoka nitanunua mashine hiyo, nitaiweka Rodi Kopany kando ya barabara, na nitawafulia wote hao mpaka nizeeke. Nilitaka kuacha kuajiriwa nikiwa bado na nguvu za kuinua beseni.

Mume wangu naye alikuwa na haja yake. Yeye ni fundi wa mashine za kusaga unga. Leo yuko Rangwe, kesho Ndhiwa, keshokutwa amelala chini ya mota mahali ambapo simu haishiki. Ni kazi ya heshima, ila pesa yake huja kwa vipindi na kuondoka mara moja. Nyumbani kwao ni karibu na Rodi Kopany, na hapo ndipo alipokuwa amekwama.

Kwetu Wajaluo, kijana hujengewa nyumba ndogo ndani ya boma la baba yake. Hiyo nyumba inaitwa simba. Anaweza kuoa akiwa humo, akazaa akiwa humo, lakini lazima siku moja atoke aende kuanzisha boma lake mwenyewe. Na kutoka kuna foleni. Mkubwa hutoka kwanza, mdogo anafuata. Mdogo akimruka mkubwa, wote wawili wanajitafutia chira, ile laana inayokondesha watu na kuua mifugo bila ugonjwa unaojulikana. Mimi ni mkristo tangu shule ya Jumapili, na mchungaji wetu husema chira ni mambo ya giza. Lakini sijawahi kumwona mkristo wa kwetu aliyemruka kaka yake kisha akalala usingizi mnono.

Mume wangu ndiye kifungua mimba, na alikuwa amebakisha mwaka mmoja kufika hamsini, bado yuko simba. Nyuma yake alikuwepo mdogo wake, shemeji yangu, mhasibu wa chama kimoja cha ushirika Homa Bay, mtu wa mashati meupe na kalamu mbili mfukoni. Yeye alikuwa tayari miaka minne iliyopita. Matofali yake ya kuchoma yalikuwa yamepangwa, mabati yamenunuliwa, madirisha ya chuma yameegemezwa ukutani kwa mama yao. Alikaa nyuma ya mume wangu kama gari nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe, akipiga honi kwa adabu.

Siku moja, kwenye matanga ya jirani, mzee mmoja mcheshi aliuliza mbele ya watu kama mume wangu akifa atazikwa kando ya simba yake au ndani yake. Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Jioni hiyo hakula, na mimi nilipomwuliza kama anaumwa alisema ni joto. Nilimwonea huruma sana. Ninaandika hilo makusudi, ili isionekane kwamba sikujua uchungu wake.

Mwezi wa nne shemeji alikuja Migori. Alinikuta kazini, mchana, nikipiga pasi. Alikuwa ameniletea samaki wa kukaanga waliofungwa gazetini, na mimi kwa samaki wa Homa Bay ni mtu dhaifu. Akasimama karibu na meza ya pasi, akaangalia lile rundo la shuka.

"Shem, hii kazi itakumaliza," alisema. "Mgongo wako ni wa chuma?"

Nilimwambia chuma kingekuwa kimeshika kutu zamani.

"Sasa sikia. Ukiacha kazi saa hii, ile pesa yako ya pensheni inatoka kwa mkupuo. Unajengea bro boma, unabaki na ya kununua ile mashine yako. Si ndiyo wimbo wako kila Krismasi?"

Ndio ulikuwa wimbo wangu. Nikamwuliza, "Na kodi?" Ninataka hilo lijulikane. Sikuwa mjinga kiasi cha kutouliza.

"Makato ni yale ya kawaida tu, shem. Kila mtu anakatwa. Si kitu ya kukunyima usingizi."

Kisha akatoa fomu. Alikuwa ameshapita ofisi ya wafanyakazi, akaichukua, akaketi mahali akaijaza yote kwa ule mwandiko wake mzuri. Haikunishangaza. Katika ukoo wetu fomu zote hupitia kwake: za mikopo, za karo, za vitambulisho vilivyopotea, hata barua za kuombea watoto nafasi shuleni. Mtu akipata karatasi yenye maandishi madogo, husema, itunzeni mpaka mhasibu aje. Tumezoea hivyo, na kwa miaka mingi tulijisifu nayo.

"Nimekujazia kila kitu. Wewe weka sahihi tu, hapa na hapa."

Mikono yangu ilikuwa na majimaji. Nikaifuta kwa aproni, nikatia sahihi juu ya meza ya pasi, hapa na hapa. Sikusoma. Nilikuwa ninafikiria samaki watapoa.

Mwisho wa mwezi niliaga. Wenzangu wa chumba cha kufulia walininunulia leso na sufuria, wakaimba, tukalia. Mume wangu alikuja kunibebea mizigo, na njiani alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuoane. Nilidhani ni mapenzi. Sasa siwezi kuukumbuka mkono ule bila hasira.

Mipango ikaanza kwa kasi. Siku ya kuanzisha boma ikapangwa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita. Baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye hushika nafasi ya marehemu baba yao, akaonyesha mahali. Kwa desturi, asubuhi hiyo mume hutangulia na shoka, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jogoo, na mke hufuata na moto wa kupikia. Nyumba ya kwanza husimamishwa siku hiyo hiyo, na wenye boma hulala humo usiku huo. Zamani zilikuwa fito na nyasi. Siku hizi ni nguzo na mabati, bora tu iwe imesimama jua likizama.

Pesa ziliingia benki wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo. Nilikuwa Migori, katika nyumba yetu ya kupanga, nikifunga vyombo kwenye katoni. Simu ikalia, nikasoma ujumbe, nikaketi juu ya godoro lililokunjwa. Nikausoma tena. Nilijua makato yapo, na nilijua nusu ya kile mwajiri alichoniwekea ingebaki kwenye mfuko mpaka nifike umri wa kustaafu. Hilo nilikuwa nimeelezwa kwenye mkutano wa wafanyakazi miaka iliyopita, na nilikuwa nimekwisha kuipunguza nusu hiyo katika hesabu zangu za vidole. Lakini bado pengo lilikuwa kubwa. Nikapiga hesabu kwa vitu, maana ndivyo ninavyoelewa: nguzo, mabati, misumari, saruji, mlango, fundi. Kwa hivyo vyote pesa ilitosha. Kwa mashine, iliyobaki haikutosha hata mlango wake wa kioo. Nikajiambia labda wamelipa awamu ya kwanza.

Kesho yake nikaenda ofisi ya wafanyakazi. Karani wa pale ni mama wa rika langu, tunajuana. Mara nyingi alinipa vitambaa vyake vya meza nivitoe madoa ya chai. Akanikaribisha vizuri, akafungua faili langu.

"Si awamu, mama. Hiyo ndiyo yote. Hapa imekatwa kodi."

"Kodi gani ya kumeza mashine nzima?"

Hakuelewa habari ya mashine, lakini alinieleza polepole, na ninamshukuru kwa hilo. "Sheria ilibadilika juzi juzi. Sasa mtu akifikisha umri wa kustaafu, pesa yake inatoka bila kodi. Akigonjeka mpaka ashindwe na kazi, inatoka bila kodi. Na akimaliza miaka ishirini tangu aandikishwe kwa mfuko, pia inatoka bila kodi, hata kama bado ako na nguvu. Nje ya hizo tatu ni lazima ikatwe. Inakatwa kwa ngazi, fungu ya kwanza kidogo, yenye inafuata inapanda, hivyo hivyo mpaka juu. Mfuko unakata, unapeleka kwa watu wa kodi. Hairudi."

"Na mimi nilikuwa na miaka mingapi?"

Akateremsha kidole kwenye karatasi. "Kumi na tisa na miezi saba. Ulikuwa umebakisha miezi tano. Ungefika katikati ya mwezi wa tisa."

Nikauliza kama ningelazimika kubaki kazini miezi hiyo.

"Hapana. Ungeacha kazi tu vile uliacha, pesa ikae kwa mfuko, halafu uje kuitoa mwezi wa tisa. Ungechukua yote bila kuguswa." Akaniangalia kwa mshangao. "Lakini mama, si ulielezwa?"

"Nilielezwa na nani?"

Akaligeuza faili upande wangu. Ile fomu niliyotia sahihi juu ya meza ya pasi ilikuwa pale, na kwa mara ya kwanza niliisoma. Mahali palipoandikwa kwamba mwanachama ameelezwa kuhusu kodi na ameelewa, palikuwa na alama ya vema, ya wino ule ule wa shemeji. Chini yake karani alikuwa ameandika kwa mkono wake: ameshauriwa asubiri mpaka mwezi wa tisa, amechagua kuendelea.

"Huyo shemeji yako nilimweleza mwenyewe, alipokuja kuchukua fomu," alisema. "Nilimwambia, huyu mama angoje. Akasema mmeongea nyumbani. Mimi sikuridhika, aliporudisha fomu nikapiga simu."

"Hukunipigia simu."

"Nilipiga hii." Akaweka kidole kwenye namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu.

Haikuwa namba yangu. Ilikuwa ya mume wangu.

"Alipokea bwana yako. Nikamweleza vile vile. Akasema anajua, na wewe unajua, tuendelee tu. Alisema uko hapo kando yake." Sauti yake ikaanza kushuka. "Haukuwa?"

Ninajua madoa. Damu inataka maji baridi, chai inataka maji moto, na kuna madoa ambayo ukiyaona tu unajua hakuna sabuni, unaikunja ile shuka unaiweka upande wa matambara. Nilikaa mbele ya faili lile nikajua ninaangalia nini. Karani alianza kujitetea, kwamba alidhani bwana na bibi ni kitu kimoja. Nilimkasirikia pia, lakini hasira yangu ilikuwa na safari ndefu zaidi siku hiyo, nikamwacha.

Nilimkuta mume wangu kwenye nyumba ya kupanga, amepiga magoti, akifungua kitanda kwa spana. Sikupiga kelele. Nilimwuliza tu ni nani alimpigia simu kutoka hospitalini mwezi wa nne. Spana ikatulia. Hapo nilikuwa bado na tumaini dogo, kwamba atasema hakuelewa, kwamba simu ilikuwa ikikatika. Alibaki akiangalia ule mguu wa kitanda.

"Nyar Ndhiwa," alisema mwishowe. Hivyo ndivyo huniita, binti wa Ndhiwa, na kwa kawaida huniita hivyo akitaka kunibembeleza. "Angeniruka."

"Nani?"

"Huyo kijana. Alisema Krismasi haimkuti kwa boma ya mama. Alisema niko na mpaka mwezi wa sita, kama siko tayari anajenga, chira ije ikule mwenye inataka. Ningefanya nini mimi?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungesema tungoje."

"Na mashine yangu?"

"Nilijua utapata tu. Wewe hukosi njia."

Hayo ndiyo maneno yaliyoniuma kuliko yote. Angesema alisahau mashine, ningemsamehe usahaulifu. Hakuisahau. Aliipima mizani, mashine yangu upande mmoja na aibu yake upande mwingine, akaamua peke yake, kisha akanishika mkono barabarani. Nilimwambia amekula njama na ndugu yake juu ya jasho langu, na kwamba mwizi wa kuku ana adabu kuliko yeye, kwa sababu mwizi wa kuku hakuletei samaki. Akasema samaki walikuwa wa ndugu yake. Nilicheka, kwa uchungu, mpaka jirani akagonga ukuta.

Shemeji nilimpata Jumapili, nyumbani kwa mama yao, baada ya kanisa. Hakujitia hamnazo, nitampa hiyo. Alinieleza kama anavyoeleza wanachama wake wa ushirika.

"Shem, ukweli ni kwamba hakuna mtu alikuibia. Ile pesa imeenda kwa serikali, haijaenda kwa mfuko wangu. Na ukiangalia vizuri, miezi tano ya kukaa bila boma nayo iko na gharama yake."

"Gharama ya nani?"

"Ya familia."

"Familia ilikaa lini? Mimi sikuona kikao."

Mama mkwe alikuwa akichambua njugu karibu nasi, na aliendelea kuchambua zile zile alizokwisha kuchambua. Mume wangu alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Shemeji akatazama saa yake, akasema yaliyopita yamepita, tupange Ijumaa.

Ndipo nilipoona kitu ambacho wao wawili, pamoja na kalamu zao na simu zao, hawakukihesabu. Mume anaweza kubeba shoka. Mtoto anaweza kubeba jogoo. Lakini moto ni wa mke, na boma halianzishwi na mwanamume anayelala peke yake usiku wa kwanza. Mume wangu ana mke mmoja. Kama mimi sifuati, hakuna boma. Na kama hakuna boma la mkubwa, hakuna la mdogo.

"Ijumaa sitakuja," nilisema.

Walidhani ni hasira za siku moja. Nikawaeleza, nami nikaeleza polepole, kama karani alivyonieleza. Kwenye faili langu kuna tarehe, katikati ya mwezi wa tisa. Siku hiyo pesa yangu ingetoka bila kuguswa. Siku hiyo nitabeba moto. Siku moja kabla ya hapo, hapana.

"Sasa itasaidia nini?" shemeji aliuliza, na kwa mara ya kwanza kola ya shati lake ilimbana. "Kodi imeshakatwa. Haitarudi hata ukingoja miaka mia."

"Najua haitarudi. Mtangoja tu."

Basi wakaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mume wangu aliniletea kitambaa cha gauni kutoka soko la Rangwe. Shemeji alituma mke wake aje anisalimie, na maskini yule mama hakujua lolote. Tulikunywa chai, tukaongea juu ya bei ya sukari, akaenda zake. Baba mdogo aliniita akanionya juu ya mwanamke anayezuia boma la mume wake. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba sijazuia, nimepanga tarehe, kama wao walivyopanga ya kwao bila mimi.

Mama mkwe ndiye aliyenipa shida. Alikuja akaketi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nyar Ndhiwa, nikifa na hawa vijana wote wako hapa kwa boma yangu, wataniweka wapi na aibu yao?" Nilimpikia uji. Nilipotaka kulainika, nilikumbuka ile alama ya vema, nikalainika nusu tu.

Katika miezi hiyo nilikodi chumba Rodi Kopany nikaanza kufulia watu kwa mkono. Lojingi mbili za Homa Bay zilikubali kunipa shuka zao, mbili tu, kwa sababu mikono ina mwisho. Jumatatu napokea mafurushi, Alhamisi narudisha. Magoti yalilia, vidole vikapasuka pembeni mwa kucha. Mara moja mwenye lojingi mmoja aliniuliza kama ninaweza kuchukua shuka za vyumba vyote ishirini, na nilitaka sana kusema ndiyo. Nikasema hapana, nikarudi na furushi dogo.

Mume wangu alikuja kila wikendi, akinichotea maji bila kuambiwa. Tulizungumza juu ya watoto na juu ya mota za kusaga. Sikuwa nimemfukuza. Ila mkono wake ulipopita karibu na wangu kwenye beseni, niliutoa wangu.

Shemeji alikuwa amenunua saruji mwezi wa nne, mifuko mingi, akijua anajenga mwezi wa sita. Saruji haingoji mtu. Kufika mwezi wa nane mifuko ile ilikuwa imeganda, akaitoa nje na kuivunja kwa nyundo kuona kama kuna unga ndani. Watu waliniletea habari hiyo wakitarajia nitasikitika. Nilifurahi. Sikulitangaza kanisani, lakini nilifurahi kwa siku tatu nzima.

Mwezi wa tisa ukafika. Siku ile niliamka mapema, nikawasha makaa kwenye jiko, nikaenda. Mume wangu alitangulia na shoka. Mwanangu wa kwanza, mtu mzima mwenye ndevu sasa, alibeba jogoo aliyemnyea shati, na hapo wote tulicheka pamoja kidogo. Nguzo zilisimamishwa, mabati yakapigiliwa, na kabla ya saa tisa mchana nyumba ilikuwa imesimama, vyumba viwili na mlango. Shemeji alifanya kazi kuliko fundi, shati limelowa, kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu yake. Hakunitazama usoni, na mimi sikumtafuta.

Watu walikula wakaondoka. Nikapika chai kwenye moto wangu, nikammiminia mume wangu, tukaketi kwenye viti viwili ndani ya nyumba yenye harufu ya mbao mbichi. Alikuwa ametulia. Niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua gunia alilolibeba miaka mingi. Akanywa kidogo, akatazama mabati.

"Kumbe imepita haraka," alisema.

"Nini?"

"Hii miezi. Mimi niliogopa sana, nikajua ataniruka. Na hajaniruka. Mama ako mzima. Ng'ombe ziko. Hakuna kitu imeharibika." Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. "Tungengoja tu."

Hakuwa akinichokoza. Ndiyo maana iliniingia hivyo. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya siku hiyo, makali, na yote yakapotea, kwa sababu alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, kwa upole, akiwa na kikombe mkononi. Nilimwomba ayarudie.

"Nimesema tungengoja tu," akarudia. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaweka kikombe chini, na uso wake ukabadilika.

"Nyar Ndhiwa, nisamehe."

Nilimwambia sikutaka kuombwa msamaha. Nilitaka kuulizwa, mwezi wa nne.